Nyumba Inayofaa Watoto

Ndunge alianza kutafuta nyumba ya kulala Nairobi siku alipomsikia bintiye akidanganya.

Alikuwa ameketi nyuma ya magunia yake ya ndengu na kunde katika soko la Emali, na Wavinya alikuwa upande wa pili wa kibanda akicheza na mtoto wa jirani anayeuza mitumba. Wavinya alikuwa na miaka minane. Alikuwa akimsimulia mwenzake jinsi walivyokwenda Nairobi likizo iliyopita wakapanda ngazi zinazotembea zenyewe, na jinsi babake alivyoogopa kukanyaga ngazi ya kwanza mpaka askari wa mlangoni akamshika mkono. Walilala katika nyumba yenye kitanda cha dabo-deka, yeye juu, mdogo wake Syombua chini, na asubuhi wakaletewa mayai na soseji. Alisimulia vizuri mno, hata Ndunge mwenyewe akajikuta anangoja kusikia kilichofuata. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kweli. Wavinya hakuwa amewahi kulala popote isipokuwa nyumbani kwao na kwa nyanyake huko Nuu.

Ndunge hakumkemea. Alijifanya anapepeta ndengu, akainamisha uso juu ya ungo, kwa sababu alijua vizuri ni kwa nini mtoto huyu hajaenda popote.

Syombua alikuwa na miaka mitano na hajatamka neno hata moja. Daktari aliwaambia ni usonji, akawaeleza mambo mengi, na waliporudi nyumbani walikumbuka moja tu, kwamba hakuna dawa. Alipenda maji, alipenda kuzungusha vifuniko vya chupa sakafuni, na alipenda kukimbia. Mlango ukiachwa wazi, keshatoka. Na Emali ni mji wa malori. Siku moja walimkuta ameketi chini ya lori, ameegemea gurudumu kwa raha zake, na dereva yuko tayari kwenye usukani. Tangu siku hiyo babake, Kitonga, ambaye ni fundi wa magari, aliinua ukuta wa ua na kuweka komeo juu kabisa ya mlango, mahali ambapo hata Ndunge hulifikia kwa vidole tu.

Halafu kulikuwa na kelele. Honi ya ghafla, pampu ya kujaza upepo, mashine ya kusaga, chochote kati ya hivyo kilitosha. Syombua alilia kama mtu anayeunguzwa, akajipiga kichwa, wala hakunyamaza kwa kubembelezwa. Kwa hiyo harusi walizisikia kwa watu. Kanisani walikwenda kwa zamu, Jumapili hii mama, Jumapili ile baba. Na Wavinya alikua akijua kwamba mambo mengi nyumbani kwao hayawezekani, mpaka akaacha kuuliza. Hilo la kuacha kuuliza ndilo lililomuuma Ndunge kuliko yote.

Jioni hiyo alimweleza mumewe alichosikia sokoni. Kitonga si mtu wa maneno mengi. Alinawa mafuta ya gari mikononi kwa muda mrefu, kisha akasema likizo ya Agosti ikifika watampeleka. Watakwenda wote wanne, walale siku mbili, mtoto aone.

Ndipo kazi ilipoanza. Kila wateja walipopungua Ndunge alitoa simu na kutafuta, na kila tangazo lilisema neno lile lile: nyumba inayofaa familia, nyumba inayofaa watoto. Yeye alikuwa na masharti yake. Iwe ya chini, kwa sababu Syombua hupanda chochote chenye ukingo. Madirisha yawe na vyuma. Mlango uwe na komeo la juu. Pasiwe na bwawa la kuogelea, na hapo ndipo nyumba nyingi nzuri zilipoanguka, maana kila aliyetangaza nyumba ya familia alitanguliza picha ya bwawa. Mtu mwingine angeona mito ya rangi na zulia jipya. Yeye aliona kabati la vioo, kona ya meza, jiko ambalo swichi zake ziko kimo cha mtoto. Aliweza kuitazama picha ya sebule iliyopambwa vizuri na kuona mahali mwanawe angeumia.

Alipata moja. Ilikuwa ya chini, ina ua mdogo wa nyuma na geti la chuma, na chumba cha watoto kimechorwa twiga ukutani. Akapiga simu. Mama aliyepokea alikuwa na sauti ya upole, akauliza majina ya watoto na wanapenda chakula gani. Ndunge aliona moyo umetulia, akaamua kusema ukweli wote. Akamweleza kuhusu Syombua, kwamba haongei, kwamba kuna wakati hulia sana, lakini wao wenyewe watakuwa naye kila dakika. Kisha yule mama akasema, kwa upole ule ule, kwamba amekumbuka siku hizo nyumba imechukuliwa.

Mchana huo Kitonga alipiga kwa simu yake, akauliza siku zile zile. Akaambiwa nyumba iko wazi, karibuni sana.

Ndunge alijaribu kwingine, na kwingine tena. Mmoja alimwambia watoto wanakubaliwa mradi wawe na adabu. Mwingine alimwuliza kama huo ugonjwa unaambukiza. Jumba la wageni la kanisa moja lilimjibu kwamba wageni wao huja kupumzika kwa utulivu, na kwamba watamkumbuka katika maombi. Alisema amina, akakata simu.

Halafu Kavindu akapiga. Huyu ni dada yake Kitonga, anakaa Nairobi, ana nyumba kubwa, na habari za safari zilikuwa zimemfikia. Alisema kwa nini wahangaike na nyumba za watu na yeye yupo. Waje kwake, vyumba vipo. "Lakini wifi," akasema, "huyo mdogo mpelekeni Nuu kwa mama kwa hizo siku mbili. Hata nyinyi mpumzike."

Ndunge alimshukuru, akasema watafikiria, na hakuwa na la kufikiria. Mwaka uliopita alimwacha Syombua Nuu siku moja ya matanga. Aliporudi alikuta alama ya kamba kwenye kifundo cha mguu wa mtoto. Nyanya hakuficha. Alisema miguu yake imezeeka, mtoto ana mbio, na mto ulikuwa umejaa, angefanya nini? Alilia alipokuwa akisema. Ndunge hakuweza kumlaumu, na hakuweza tena kumwachia mtoto.

Mwishowe wakakubaliana kunyamaza. Walipata nyumba nyingine, na Kitonga ndiye aliyepiga simu. Alisema ni baba, mama na mabinti wawili, na hakuongeza neno. Kwa Ndunge, ambaye yumo katika kikundi cha akina mama kanisani na huongoza maombi, jambo hilo lilikaa kifuani kama chakula kisichoshuka. Alimwambia mumewe kwamba wanaanza safari kwa kudanganya. Kitonga akamjibu kwamba wameulizwa idadi ya watoto, nao wameitaja.

Wakaenda kwa treni ya asubuhi. Ndunge alimfunika Syombua masikio kwa kofia ya sufu na juu yake kitambaa, na mtoto akatazama nje ya dirisha njia nzima, akiimba sauti yake moja ya chini. Wavinya aligeuka kila mara kumtazama mamake, kama anayeuliza kama ni kweli.

Nyumba ilikuwa jinsi picha zilivyosema, jambo ambalo Ndunge hakulitarajia. Ilikuwa ya chini, ina vyuma madirishani, na bafuni kulikuwa na beseni kubwa la kuogea ambalo Syombua alilipenda papo hapo. Mchana Kitonga akampeleka Wavinya kuona mji, na Ndunge akabaki na mdogo, akimwagia maji mgongoni kwa kikombe, tena na tena. Waliporudi jioni Wavinya hakuweza kumaliza sentensi. Alikula amesimama. Ndunge alicheka usiku huo kwa mara ya kwanza tangu Pasaka, na kabla ya kulala alimwambia mumewe labda waliogopa bure.

Asubuhi iliyofuata mafundi walianza kutoboa ukuta katika nyumba ya juu.

Syombua alikuwa amelala. Aliamka na mayowe yaliyowatoa watu milangoni. Ndunge alimkumbatia sakafuni, mgongo wake ukutani, akamfunika kwa blanketi, akamkandamiza kifuani jinsi anavyojua kufanya. Kitonga alipanda juu kuwasihi mafundi. Wakasimama kidogo, msimamizi wao akawaambia waendelee. Mtunza jengo akabisha hodi. Akabisha mpangaji wa jirani aliyekuwa na mtoto mchanga. Kuna mtu aliyepiga simu kuripoti kwamba mtoto anapigwa. Mwishowe mwenye nyumba akaja mwenyewe, mwanamke wa makamo, ameshika funguo za gari mkononi.

Hakuwa mtu mbaya. Ndunge angependa awe mbaya. Aliingia, akachuchumaa, akamtazama Syombua aliyekuwa amechoka na anatetemeka, damu kidogo kwenye mdomo alipojiuma. Alitikisa kichwa kwa huruma. Kisha akasimama na kusema wapangaji wamelalamika, na kwamba atawarudishia kila walichotoa, lakini waondoke kabla ya mchana.

"Mngeniambia," akasema.

"Ningekuambia, ungetupa nyumba?"

Yule mwanamke alitazama kile chumba, beseni, nguo ndogo zilizoanikwa dirishani. Akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaka kweli kujua, "Na akiwa mtu mzima, mama, atakaa wapi?"

Ndunge alikuwa amepitisha miezi mizima akitafuta mahali pa kumlaza mtoto huyu siku mbili. Hajawahi kujiuliza juu ya siku nyingine zote. Au alijiuliza, akafunga mlango haraka.

Alipogeuka alikuta Wavinya ameshapanga nguo zake kwenye mfuko, amezikunja vizuri, na amevaa viatu. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa amesimama mlangoni na alikuwa amesikia kila neno.

Ndani ya treni Kitonga alikaa na Syombua, ambaye sasa alilala kama mzigo. Wavinya aliketi kando ya mamake na kutazama mikono yake. Walikuwa wameshapita Athi River alipouliza.

"Mama, wewe na baba mkizeeka, ni mimi nitakaa naye?"

Aliuliza bila kulalamika. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kazi yake ni ipi aanze kujiandaa. Ndunge alitaka kumwambia hapana. Alitaka kumwambia atasoma, ataolewa akitaka, ataishi mji wowote anaoupenda. Lakini alijua swali litakalofuata, basi ni nani, na hakuwa na jina la kutaja. Akamshika mkono. Wavinya akangoja jibu kidogo, kisha akaitikia kwa kichwa, kana kwamba amejibiwa.

Baada ya hapo Ndunge alirudi kwenye simu yake. Watu sokoni walidhani anatafuta bei za ndengu. Alikuwa akitafuta mahali wanapokaa watu kama Syombua wakishakua. Mwezi wa kumi alipata kituo kimoja upande wa Kitui, akamwambia mumewe anakwenda kuangalia mzigo wa ndengu, akaenda. Kilikuwa kisafi. Kulikuwa na vijana wameketi kwenye benchi ndefu kivulini, wamevaa sweta zinazofanana jua likiwaka, na mmoja alikuwa akizungusha kifuniko cha chupa kwenye goti. Ndunge alisimama akamtazama muda mrefu. Msimamizi, mzee mmoja aitwaye Kyule, alimpa chai na kumweleza bila kumzungusha. Wanapokea watoto tu. Wakifika miaka kumi na minane wanarudishwa kwa jamaa zao, kwa maana nafasi hakuna. Ndunge aliuliza na wasio na jamaa je. Mzee alikoroga chai yake ambayo sukari ilikuwa imeshayeyuka. Akasema wengine huwaona mmoja mmoja wakizurura sokoni, Kitui au Mwingi, akipita na gari.

Alirudi Emali bila ndengu, na Kitonga hakumwuliza. Alikuwa uani anaongeza mawe juu ya ukuta, kwa sababu Syombua alikuwa amerefuka.

Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu ya Ndunge kanisani. Wakati wa maombi ya kila mtu peke yake, wenzake walipopaza sauti wakiombea mvua na watoto wao walio mbali, yeye alipiga magoti, akafunika uso kwa leso. Aliomba kimoyomoyo jambo ambalo hakumwambia mumewe wala mchungaji wala mtu mwingine yeyote. Aliomba Syombua atangulie. Si leo wala mwaka huu. Lakini siku moja kabla yake yeye, siku moja tu, ili amwoshe na kumlaza mwenyewe, na mtu mwingine asitafutwe.

Kisha alinyanyuka na kuimba na wengine. Alipofika nyumbani alipitisha vidole juu ya mlango, akalifungua komeo kwa tabu, akaingia, akalirudisha nyuma yake. Syombua alikuwa ndani ya karai, maji yamemfika tumboni. Hakugeuka. Ndunge alivua viatu vya kanisa, akachukua kikombe, akaanza kumwagia maji mgongoni.