Bi Waya na Gari Lililoishiwa Nguvu Mlimani

Kwa miaka ishirini na sita Bi Waya alikuwa akisuka upya nyaya za mota za pampu na za mashine za kusaga, kwenye kibanda chenye dirisha moja. Kazi aliirithi kwa baba yake. Jina walimpachika wateja. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikunjiki tangu umeme ulipomrusha ukutani.

Asubuhi hiyo mkwewe alishikwa na uchungu wiki tatu kabla ya siku zake, na mwanawe, mume wa mkwe huyo, alikuwa safarini. Jirani yao, dereva wa teksi ya umeme, akawapakia. Katikati ya mlima wa hospitali gari likaanza kulegea. Dereva alikanyaga hadi mwisho, likazidi kutambaa. Taa ya njano ikawaka.

"Chaji imeisha?" Bi Waya aliuliza.

"Wapi. Imevuka nusu."

Akaliegesha pembeni, akafungua boneti, mkono ukaenda moja kwa moja kwenye nyaya nene za rangi ya chungwa.

"Toa mkono, baba. Hizo ukizigusa hutasimulia. Zima gari kwanza."

"Mama, maumivu yanakaribiana," mkwe alisema kutoka kiti cha nyuma, sauti imekauka.

Bi Waya akajilazimisha kufikiri polepole. Gari kama hili hakuwahi kulifungua, lakini mota ni mota. Betri hutoa umeme unaokwenda upande mmoja. Kifaa kilicho katikati huugeuza kuwa mawimbi matatu yanayopokezana kuisukuma mota. Mawimbi yakiharakishwa, mota nayo huongeza mwendo. Umeme ukipita mwingi, huzunguka kwa nguvu. Wimbi moja likikatika, gari lingeshtukashtuka. Hili halikushtuka. Lilipungua taratibu, kama linabaniwa.

"Linajinyima umeme lisiungue," alisema. "Maji ya kupoza hayazunguki."

Akapapasa mabomba: moja la moto, la pili baridi. Kwenye kisanduku cha fyuzi, fyuzi ya pampu ya maji ilikuwa imekatika. Akachomoa ya waipa za kioo, yenye namba ileile, akaipachika pale.

"Washa, ila usikanyage."

Pampu ikavuma kwa chini. Dereva akashika usukani.

"Twende?"

"Bado. Lipoe."

"Bi Waya, mgonjwa huyo."

"Namwona. Ukilikamua sasa litagoma kabisa, na hapa hakuna wa kumbeba."

Akaingia nyuma. Mkwe akamshika mkono wa vidole vigumu, akaubana mpaka machozi yakamtoka Bi Waya, si yeye mwenye uchungu. Kama fyuzi hii nayo itakatika, aliwaza, nimempotezea muda mimi mwenyewe. Dakika sita zikapita, macho yake kwenye dashibodi. Taa ya njano ikazimika.

"Sasa. Kanyaga kidogokidogo, usilishtue."

Gari likapanda. Kwenye kona ya mwisho mwendo ulipungua, kisha gari likachanganya tena hadi mlangoni. Mtoto wa kike alizaliwa nusu saa baadaye, mzima. Hapo ndipo bibi yake alipoketi sakafuni, pale pale koridoni.

Kesho yake dereva alileta gari kibandani. Waya wa pampu ulikuwa umesuguana na chuma mpaka ukachunika, na hilo ndilo lililokata fyuzi.

"Nani amekufundisha magari haya?" aliuliza.

"Hakuna. Niachie mpaka jioni, nipate kulifahamu vizuri."