Zamu ya Gidamis

Huko Nambis, mtu aliyelimiwa na majirani kisha asitokee siku ya kuwalimia wao, hapigwi wala haitwi kwenye kikao. Anasalimiwa kama kawaida, anaulizwa hali ya watoto na ya ndama. Ila msimu ukirudi atasimama na jembe lake mlimani, asisikie mguu wa mtu ukija. Hilaria Sulle aliyaona hayo tangu mdogo. Alimwona hata jirani yao mmoja akilima peke yake mpaka mvua zikampita. Kwa hiyo hakuwa na namna ya kusema kwamba hakujua.

Alikuwa mwanafunzi katika chuo kidogo cha mitambo, pembeni mwa shamba moja la ngano la serikali, kule chini Hanang, mahali ambapo ngano ilianzia mlangoni pa bweni na kuishia angani. Mwisho wa mafunzo palikuwa na mtihani, na aliyefaulu alipewa kazi kwenye kombaini, lile jitu la chuma linalokata ngano na kuipura papo hapo. Vitabu vyote vilikuwa vya Kiingereza. Hilaria alivisoma kama alivyosoma katekisimu utotoni: alifumba macho, akairudia mistari kwa sauti mpaka ikakaa kichwani yenyewe. Njia hiyo ilikuwa imemvusha darasa la saba, ikamvusha na sekondari. Hapa chuoni ilianza kumwangusha, hasa kwenye hesabu, maana hesabu hazikubali kuimbwa.

Ndipo siku moja, wakisubiri zamu bombani, akawaambia wenzake watatu, "Jamani, tulimiane."

"Tulimiane nini, dada? Kitabu?" Yoakimu wa Bashay akaangua kicheko. "Nije na jembe?"

"Njoo na kichwa, kama unacho."

Zita, msichana wa Masakta aliyelala kitanda cha jirani na Hilaria, akakubali. Akakubali na Gidamis, kijana wa Kibarabaig, ambaye kwao walichunga ng'ombe ng'ambo ya ngano, kwenye malisho yaliyobaki. Mpango ukawa huu: kila Jumamosi mmoja wao ndiye mwenye shamba. Analeta somo lililomshinda, wengine wanalilima pamoja naye. Wanamweleza, wanamuuliza, wanamzungusha, mpaka yeye mwenyewe aweze kuwaeleza wao akiwa amefunga kitabu. Mwenye shamba anapika makande. Hilaria, kwa kuwa wazo lilikuwa lake, akachukua zamu ya kwanza. Hakuna aliyenung'unika.

Siku hiyo walilima hesabu za mbegu. Yoakimu alijaribu kumweleza akachoka, Zita naye akachoka. Gidamis akaisogeza karatasi pembeni.

"Acha namba kwanza. Bonde moja linalisha ng'ombe arobaini. Una mabonde matatu. Utapeleka ng'ombe wangapi?"

"Mia na ishirini."

"Nani kakufundisha?"

"Si inaonekana tu?"

"Basi hekta ni bonde, na kilo za mbegu ni ng'ombe. Endelea."

"Kumbe una mabonde matatu, bwana mkubwa!" Yoakimu akamtania.

"Ya hesabu," Gidamis akasema. "Ya kweli mmepanda ngano."

Walicheka, yeye pia akacheka kidogo. Hilaria akaendelea, na kabla makande hayajapoa alikuwa akiwaeleza wote watatu kiasi cha mbegu, bila kugusa karatasi. Hakuwahi kukijua kitu namna ile. Kilikuwa kimekaa mwilini, kama kupanda mlima wa kwao.

Ikaja zamu ya Zita, Hilaria akaenda. Ikaja ya Yoakimu, akaenda. Zamu ya Gidamis iliangukia Jumamosi ya mwisho kabla ya mtihani, na kilichomshinda yeye kilikuwa sura ya kombaini, ule ukurasa wa ngoma inayopura nafaka, Kiingereza kigumu kama mfupa. Sura hiyohiyo Hilaria alikuwa bado hajamaliza kuikariri. Akawaza: nikikaa kumfundisha yeye, changu kitabaki nusu. Alifikiri kana kwamba elimu ni nafaka ndani ya debe, ukimchotea mwenzio kwako inapungua.

"Zita, waambie nina malaria," akasema.

Zita akamtazama, naye akakumbuka kwamba ana nguo za kufua. Gidamis akapika makande ya watu wanne, akala na Yoakimu, na Yoakimu mwenyewe Kiingereza hicho kilikuwa kinampiga chenga.

Jumapili alasiri Hilaria alikuwa nyuma ya bweni, akitembea huku na huku juani, macho ameyafumba, akiimba mistari ya kombaini kwa sauti kamili. Alipofika mwisho wa ukurasa akafumbua macho. Gidamis alikuwa amesimama penye kona ya ukuta, na kibuyu cha maziwa mkononi.

Hakuna mgonjwa wa malaria anayetembea juani akiimba. Walilijua hilo wote wawili. Hilaria akafungua kinywa, na kitu pekee kilichokuwa tayari kutoka ni Kiingereza cha kombaini. Akakifunga.

"Mama amesema uyanywe yakiwa yangali mabichi," Gidamis akasema. Akakiweka kibuyu chini taratibu, kisimwagike. "Pole na ugonjwa."

Akaondoka. Hilaria alitamani kumwita, lakini angemwambia nini? Akakaa chini kando ya kibuyu mpaka kivuli cha bweni kikamfikia. Kisha akayanywa maziwa yote, maana kuyamwaga kungekuwa dhambi ya pili, na kuyarudisha kungekuwa matusi. Yalikuwa matamu. Hilo ndilo lililomchoma.

Mtihani ukafanyika. Majibu yalipobandikwa, Hilaria, Zita na Yoakimu walikuwa wamefaulu. Gidamis aliangushwa na karatasi ya kombaini. Walioanguka waliruhusiwa kurudia mwezi uliofuata, lakini yeye alifunga godoro lake akaenda kwao. Zita akaleta habari alizozisikia mnadani: eti baba yake Gidamis alimwambia mbele ya watu, "Umekwenda kwa hao waliotuchukulia malisho, na hata wao wamekukataa."

Hilaria aliisikia sentensi hiyo akiwa anakula. Akaisukuma sahani.

Juma la kwanza la mavuno akapandishwa kwenye kombaini. Mwalimu wao, Mwalimu Qamara, akamuuliza mbele ya wenzake, "Kwa nini jua likiwa kali tunapunguza mwendo wa ngoma?"

Hilaria akasimama wima, akamwaga ukurasa mzima wa Kiingereza, bila kukosea nukta.

"Sikuuliza kitabu kinasemaje. Nimeuliza kwa nini."

Hilaria akauanza ukurasa upya.

"Redio hiyo, Mwalimu!" mmoja akapiga kelele kutoka nyuma. "Izimeni, betri zitaisha!"

Kicheko kilizunguka ile mashine, na Zita alikuwa miongoni mwa waliocheka. Uso wa Hilaria ukawaka hadi masikioni. Alijua ni nani angemuuliza swali hilo mapema kama angekwenda Jumamosi ile, kwa sababu Gidamis hakuwahi kuiacha sentensi ipite bila kuiuliza kwa nini.

Jumapili, baada ya misa, akakiosha kibuyu, akalikatiza shamba la ngano kwa njia ya miguu hadi ng'ambo, kwa kina Gidamis. Mama yake Gidamis alikuwa anafagia zizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Yule mama akakiona kibuyu chake, uso ukamchangamka. Akaja akamshika Hilaria mkono, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza mnadani akauliza, "Ni wewe ile mgonjwa? Umepona, mwanangu? Kabisa?"

Kumbe Gidamis hakusema neno nyumbani. Hilaria angependa zaidi apigwe na ule ufagio. "Nimepona, mama," akajibu, macho chini.

Gidamis alitoka nyuma ya nyumba. "Umepona?" naye akauliza, lakini swali lake halikuwa kama la mama.

"Sikuumwa."

"Nilikusikia. Sauti nzima."

"Nimekuja kulima zamu yako. Marudio bado. Mwalimu amesema jina lako hajalifuta."

Gidamis akavuta kigoda, akakaa kama mwenye shamba. "Lima."

Hilaria akaanza kwa ule ukurasa wa ngoma. Akausema kwa Kiingereza, akautafsiri neno kwa neno, hadi pale pa kupunguza mwendo jua likiwa kali.

"Kwa nini?" Gidamis akauliza.

Hilaria angeweza kuurudia ukurasa. "Sijui," akasema. "Nilifaulu, lakini sijui."

Hapo mwenye shamba akainuka. Wakaenda wote hadi ukingoni mwa ngano. Hilaria akavunja suke lililokauka, akalifikicha viganjani, punje zikatoka upesi. Akaongeza nguvu, nyingine zikapasuka. Gidamis akalichovya suke jingine kwenye maji ya ndama. Hilo likagoma, mpaka lilipofikichwa kwa nguvu.

"Kavu inaachia upesi," Hilaria akasema polepole. "Ngoma ikienda mbio, inaivunja."

"Sasa nieleze tena, bila kitabu." Akamweleza. Kisha Gidamis akamweleza yeye, kwa Kiswahili, mwishowe kwa Kiingereza chake cha kukwaruza, na hakukwama.

Jua lilipoinama Gidamis akachukua fimbo yake. "Zamu ni siku moja. Umeilipa."

Hakuwa ameambiwa arudi. Hilaria alisimama na punje zikimwagika mkononi. "Na sura ya mkanda unaozungusha ngoma? Nayo niliikariri tu," akasema. "Sijui lolote."

Gidamis alikuwa ameshampa mgongo akiwafuata ng'ombe. "Hiyo basi ni zamu yako," akasema bila kugeuka. "Jumapili. Na mwenye shamba aje na chakula, mimi sipikii tena watu wanne."

"Nitapika mimi."

"Makande ya wawili yanatosha," Gidamis akajibu, akawapigia ng'ombe mluzi.