Magadi Kwenye Miche ya Mdachi

Nilipoolewa huku mlimani, mama mkwe wangu alinipeleka chemchemi kabla hajanionyesha jiko. Juu ya maji ulisimama mkuyu mkubwa, na wanawake walikwenda pale na maziwa na majani mabichi mkononi kumwomba Mungu mvua na watoto.

"Hapa hatuokoti hata kijiti kikavu," aliniambia. "Mti huu ukivuliwa nguo, maji yatahama."

Kisha akaja Mdachi, akapewa na serikali yake ya Kijerumani shamba lililomeza hata chemchemi yetu. Alitaka mbao. Siku walipoleta misumeno, mama mkwe alisimama mbele ya mkuyu na kibuyu chake cha maziwa.

"Bwana, ukikata huu unakata kisima," alisema.

Mdachi alimwuliza nyapara wake yule kikongwe anasemaje, akacheka, akaashiria kwa kidole. Nyapara akamchapa mama mkwe kiboko mgongoni, mbele ya wajukuu zake. Maziwa yakamwagika. Mkuyu ulianguka mchana ule ule.

Kiangazi kilipofika, chemchemi ilikuwa tope, halafu nyufa. Mama mkwe hakuinuka vizuri tena. Alikufa akiniomba maji ya chemchemi ile ile, nami nilikuwa na ya mtoni tu.

Sijamaliza hata kumlilia, nyapara akaja kutuchukua wanawake tukamwagilie miche ya kahawa. Maji tuliyatoa mtoni, mbali, maana ya karibu bwana mwenyewe alikuwa ameyaua. Nilipomimina kibuyu cha kwanza, nikajua la kufanya. Nyumbani tulikuwa na magadi ya kulambisha ng'ombe, yaliyoletwa kutoka mbugani. Kila mkulima anajua kuwa penye magadi mengi hapaoti kitu. Nikayatwanga, nikayaficha kwenye upindo wa ngozi niliyovaa, nikawa nayakoroga kwenye maji.

Mwanamke jirani yangu aliniona. Nikamkazia macho. Akaendelea kumwagilia. Kesho yake upindo wake nao ulikuwa umetuna.

Miche ikageuka manjano, ikakauka ncha, ikalala. Mdachi alifukua akitafuta wadudu, asione kitu. Akamchapa nyapara akidai ni uzembe wake, na mimi niliitazama kila fimbo kama mwenye njaa anayetazama nyama. Mwishowe akamwita mwalimu wa dini aje aiombee miche. Tukapangwa mstari, tukaambiwa tufumbe macho. Sikufumba. Nilimwangalia Mdachi ameinamisha kichwa juu ya mimea iliyokufa, kofia mkononi, na "Amina" yangu ilishinda zote kwa sauti.

Hakupanda tena pale. Alipakia vitu vyake kwenye mkokoteni wa ng'ombe, akashuka kutafuta ardhi kwingine.

Baadaye sana nilibatizwa. Mchungaji aliposikia habari hii aliniuliza, "Mama, umemsamehe?"

"Mungu wako na yule tuliyemwomba pale chemchemini ni mmoja?" nikamwuliza.

"Ni mmoja."

"Basi alikuwepo siku ya kiboko. Mwulize Yeye kwanza."

Nikainuka, nikaenda zangu. Maji hayakurudi, najua hilo kila ninapopanda mlima kutoka mtoni, shingo ikiniuma. Lakini njia yangu inapita kando ya kile kitalu cha miche ya Mdachi, na hadi leo kahawa haijaota pale. Huwa natua mzigo wangu, nasimama, naangalia mpaka moyo ushibe.