Puliza na Pumzi za Mama Mkwe

Wagonjwa walimwita Puliza, maana kutwa sauti yake ilipenya ukuta wa chumba cha vipimo: "Puliza! Puliza! Usiache, malizia!" Kila mgonjwa alipuliza kwenye mashine kabla ya kuvuta dawa ya kufungua kifua, kisha akapuliza tena baadaye. Pumzi ikiongezeka sana, daktari alipata fununu kwamba steroidi ya kuvuta, dawa ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa, ingemfaa. Isipoongezeka, alisita kuiandika. Kwa hiyo Puliza hakuwa na mchezo: aliyekwisha kuvuta dawa asubuhi alirudishwa nyumbani, hata angetoka wapi, maana kifua kilichokwisha kufunguliwa hakionyeshi ongezeko.

Siku aliyomleta mama mkwe wake, hakumuuliza kama amevuta dawa. Na dawa alimpa yeye mwenyewe. Lifti ilikuwa mbovu, mama wa watu akakwama katikati ya ngazi akihema, na Puliza kwa huruma akampulizia dawa ile ya kufungua kifua mdomoni. Wakapanda. Kufika juu, akasahau kabisa. Namba za kwanza na za pili zikatoka karibu sawa.

"Hiki kifua kimeharibiwa na moshi wa miaka," daktari alisema. "Steroidi haitamsaidia sana. Tuiache kwanza."

Jioni, Puliza akiosha vyombo, ndipo alipokumbuka dawa ya kwenye ngazi. Kesho nitasema, akajiambia, na kesho yake akasema hivyo hivyo. Alimwogopa daktari, akamwogopa zaidi mumewe. Mtu mkali kwa wagonjwa wa watu, kumbe kwa kosa lake mwenyewe hana ulimi! Na chumba cha pili mama alikuwa akikohoa, kaketi kitandani, anatafuta hewa.

Baridi ilipoingia, mama alishindwa hata kumwita mjukuu wake kwa pumzi moja. Puliza akaenda kwa daktari, akasema yote akiwa wima mlangoni. Kipimo kikarudiwa, safari hii mama akipandishwa ngazi kwa kiti, bila dawa. Alipovuta dawa na kupuliza tena, namba zikaruka.

Steroidi ikaanza. Haukupita muda mrefu, mama akawa anafagia na kugombana na mjukuu kwa sauti nzima.

"Mwanangu, umeniokoa," alimwambia Puliza jikoni.

"Hapana, Mama. Mimi ndiye niliyekuchelewesha." Akamweleza habari ya ngazi, na miezi aliyonyamaza.

Mama aliweka mwiko chini.

"Miezi yote ile," akasema, "nilikuwa namwomba Mungu anichukue, nisiendelee kukunyima usingizi."