Koni Thelathini na Moja Kabla Leithi Haijapakiwa

Jumatano, saa mbili asubuhi, umeme upo, na Tukuswiga Kibona hataki kusalimiwa. Miwani yake ya kusomea ameifunga kwa uzi nyuma ya kichwa. Ameinamia leithi, mashine ya kukereza chuma, na mbele ya pua yake kipande cha shaba ya njano kinazunguka kikitoa nyuzi nyembamba kama nywele. Wiki iliyopita kipande hicho kilikuwa bomba la maji la nyumba ya wageni. Baada ya dakika arobaini kitakuwa koni, fupi kuliko kifuniko cha kalamu.

"Salamu baadaye," anasema bila kugeuka. "Huu umeme hauna subira."

Ana siku tatu. Jumamosi asubuhi leithi hii inapakiwa kwenye gari la mnunuzi wa chuma chakavu. Imeuzwa kwa kilo.

Tukuswiga, 47, mzaliwa wa milima ya Ileje, ni fundi wa vigari vya mafuta: yale magari ya kuchezea yanayoendeshwa kwa rimoti lakini yenye injini ya kweli, inayonguruma na kutoa moshi, ukubwa wa ngumi ya mtoto. Yaliingia Tunduma, mji huu wa mpakani, ndani ya makontena ya mitumba kutoka Durban, miaka kumi na mitano na zaidi iliyopita. Mawakala wa forodha waliyapenda, wabadilisha fedha wakafuata. Mpaka leo kila Jumapili baada ya ibada wanayashindanisha kwenye uwanja wa malori uliohamwa. Watu wazima, wenye vitambi vyao.

"Wananicheka kwamba mwanamke mzima natengeneza midoli," anasema. "Nawauliza, mdoli gani una klachi?"

Klachi hiyo imekaa juu ya flaiwili, gurudumu dogo zito linalozunguka pamoja na kranki, mhimili wa injini. Kinachoibana flaiwili isiteleze kwenye kranki ni koni ya shaba. Koni huchakaa, na isipobana, injini inapiga kelele na gari halisogei hata hatua moja.

Injini za zamani zina kranki ya milimita saba. Za sasa ni sita. Viwanda vilibadilisha kipimo na kuacha kutengeneza koni ya saba. Ukienda dukani na injini yako ya zamani, unaambiwa imepitwa na wakati, nunua gari la betri. Na gari la betri halina klachi, wala halimhitaji Tukuswiga.

Kwa hiyo anahangaika. Viatu vya klachi, vile vipande vinavyotanuka na kushika, anavichonga kwa tupa kutoka pistoni mbovu za bodaboda. Flaiwili kuukuu anavuka mpaka kuzitafuta Nakonde, upande wa Zambia, kwa muuza vikorokoro anayeitwa Bashi Mutale, yaani Baba Mutale.

"Ba mayo, umerudi na kirula chako," Bashi Mutale humtania, akimwita mama kwa Kibemba, akiona vernia ya kupimia mkononi mwake. "Wenzako wananunua kwa macho."

"Wenzangu ndio wanaokurudishia kesho yake, Bashi Mutale."

Pistoni zipo, flaiwili zinapatikana. Koni ndiyo haichongeki kwa tupa. Ikipinda kwa upana wa unywele, flaiwili inayumba na injini inajiua. Koni inataka leithi, na hii ndiyo iliyobaki ya mwisho katika mtaa huu.

Zilikuwa tatu. Ya kwanza iliondoka 2014, ya pili 2019. Mwaka 2011 mafundi wa hapa waliitwa kwenye mkutano, wakapewa soda, wakaahidiwa eneo lao lenye umeme wa uhakika na karakana ya pamoja. Majina yao yaliandikwa kwenye daftari. Aliyeandika bado yupo, waliomtuma bado wapo, wengine wamenenepa. Eneo lenyewe leo ni maegesho ya malori.

Na malori hayo yamebeba nini? Shaba. Usiku na mchana yanapita Tunduma na mabamba ya shaba kutoka Zambia kwenda bandarini, huku mwanamke huyu amesimama kando ya barabara hiyohiyo akiwaomba watu mabomba yaliyokatika.

Leithi ni ya Mzee Shadrack Nzunda, 71, Mnyiha wa Mbozi. Kwa miaka thelathini mashine hii ilikereza bushi, pete za chuma za mashine za kukoboa kahawa, mpaka wateja walipoanza kununua bushi za dukani. Tukuswiga aliingia hapa kama mfagiaji, akafagia miaka tisa huku akitazama mikono ya mzee.

"Mama Lusungu, mimi magoti yamekwisha," mzee anamwambia Tukuswiga, akimwita kwa jina la mtoto wake. "Ningekuwa na mtu wa kuinunua nzima ningempa."

"Ningekuwa nayo hiyo hela, mzee, ungeniona naokota mabomba?"

Tukuswiga hana hasira naye. Anapata kati ya laki moja na nusu na laki mbili kwa mwezi, na mpaka mwezi uishe zimekwisha.

Alhamisi umeme unakatika saa nne na kurudi saa kumi. Tukuswiga anakaa saa hizo zote juu ya ndoo, akihesabu upya injini za zamani zilizobaki Tunduma na Nakonde. Anazijua kwa majina ya wenye nazo. Ni ishirini na mbili.

Ijumaa mchana anaingia Nikodemo, wakala wa forodha, mshindani wa Jumapili, na injini imefungwa kwenye leso. Tukuswiga anaifungua, anaipeleka mlangoni kwenye mwanga.

"Nani kapiga grenda hapa?"

"Kupiga grenda wapi, dada?"

"Nikodemo."

"Mimi," anasema. "Nilipata koni mpya ya sita, nikaona nipunguze kranki kidogo iingie."

"Ukapunguza mpaka tano nukta sita. Sasa haibanwi na koni ya dunia hii."

"Si ndiyo maana nimekuja kwako."

"Umekuja kwangu umeshamaliza."

Koni yake ingekaa kwenye injini moja tu, na shaba iliyobaki inatosha koni tano tu. Anamwambia atamtengenezea ya mwisho, umeme ukibaki. Nikodemo anavua koti, anakaa kwenye ndoo kusubiri.

Saa kumi na moja na robo Tukuswiga amemaliza koni ya nne. Anafunga kipande cha mwisho, kile cha Nikodemo, anatoboa tundu. Hajafika nusu, leithi inapunguza sauti, inazunguka kivivu, inasimama. Wanasubiri hadi giza. Umeme haurudi.

Jumamosi vijana sita wanaisukuma leithi juu ya mabomba yanayobiringika hadi kwenye gari. Mzee Shadrack yuko ndani, hatoki. Tukuswiga anasimama na kopo la siagi lenye koni thelathini na moja. Kwa makadirio yake ni miaka minne, mitano akibana. Baada ya hapo hajui.

Anachokijua ni Jumatatu. Huko Nanyala kuna kikundi cha wakulima wa kahawa chenye leithi ndogo iliyofunikwa magunia, haijaguswa tangu fundi wao ahame. Anataka kuomba siku moja kwa wiki, na kuwalipa kwa kuwakerezea bushi zao. Amempigia mwenyekiti mara mbili. Mara zote mbili alimwambia mashine si ya wanawake kuchezea.

Nauli ameshaiweka kando. Kwenye mfuko wa nailoni ametia vernia, kipande kile cha shaba kilichotobolewa nusu, na injini ya Nikodemo.

Na mwenyekiti akikataa tena?

"Mara mbili kanikatalia kwa simu," anasema, akivua miwani na kufikicha macho. "Jumatatu nitakuwa nimekaa mlangoni kwake. Anikatalie akiwa ananitazama."