Mmarekani wa Barazani kwa Msellem

Zamani, ukipita mtaa wetu wa Ruwi, huku nchi ya Waarabu tulikohamia kutoka Unguja, baada ya alasiri ulisikia Kiswahili katika kila baraza. Sasa unasikia viyoyozi.

Vernon alifika mwisho mwisho wa zamani hizo. Alikuwa Mmarekani, mcheza mpira wa kikapu, ameshacheza Poland na Lebanon kwa mikataba ya msimu mmoja mmoja. Klabu yetu nayo ilimleta kwa msimu mmoja, akakaa minne. Kocha alikuwa Murshid, mzaliwa wa Unguja, na nusu ya wachezaji walikuwa watoto wetu. Mazoezi yakimalizika walikuja kunywa kahawa barazani kwa Msellem, jirani yangu, na Vernon pamoja nao. Kiarabu alikisikia madukani, lakini watu aliowapenda walisema Kiswahili, basi akajifunza hicho. Hatukuona kosa. Mwaka wa tatu alikuwa akisema "n'nakwenda skuli" kama mtu wa Mkunazini kule Unguja.

Akamuoa Aika, Mtanzania wa Moshi, dobi katika hoteli kule Bustan. Aika alikuwa akitwambia, "Wenzangu wanasema nimeolewa na Mmarekani. Nyumbani nakaa na babu wa Kizanzibari."

Msimu wa nne goti lilimshinda. Akafundisha michezo katika skuli moja ya kulipia, inayosomesha kwa Kiingereza, miaka mingi tu, mpaka skuli ikaifuta nafasi yake. Bila ya kazi hana ukaazi, na kibali cha Aika kilikuwa cha mfanyakazi, hakimbebi mume. Wakati huo klabu, ambayo imeshahamia Bausher, kwenye nyumba mpya, kama walivyohamia jirani zetu wote, ilikuwa inatafuta kocha wa watoto. Akiipata, wanabaki. Akiikosa, anaondoka.

Mwenyekiti sasa ni Safwan, mtoto wa Msellem. Vernon aliniomba nimsindikize kwenye kuhojiwa, kama mtu anavyokwenda na mzee wake kuposa. Wanakamati walikuwapo, na baadhi ya wazazi na watoto wao. Wakamuuliza kwa Kiarabu atawafundisha vipi watoto kulinda kikapu. Alifahamu nusu. Akainuka, akasogeza viti, akaeleza yote kwa Kiswahili kama alivyozoea katika klabu hiyo, miguu ikae wapi, macho yatazame nini. Kilikuwa Kiswahili kizuri, siku hizi hukisikii. Watoto walicheka kidogo, kisha wakarudi kwenye simu zao. Baba mmoja akaniuliza kwa Kiarabu kama mtu huyu anawafanyia mzaha.

"Kaka Vernon, Kiswahili chako kimenishinda hata mimi," Safwan akasema. "Lakini hawa watoto, nani atakufahamu?"

Nikamuuliza Safwan bibi yake alimlea kwa lugha gani.

"Bibi amekufa, ami," akasema. "Na baba pia."

Alisema kwa adabu. Tukaletewa kahawa katika vikombe vya karatasi, tukanywa. Kazi akapewa mwalimu kutoka Jordan. Nasikia ni hodari.

Njiani nilimwambia Vernon kuwa wale ni watu wasio asili. Alikuwa anaendesha gari, hakunitazama.

"Wana haki, mzee. Mtoto angekuwa wangu, n'ngesema vivyo hivyo."

 Akaniteremsha Ruwi, mlangoni kwangu.

Mara ya mwisho kuwaona ilikuwa karibu na kituo cha mabasi, asubuhi. Mimi nilikuwa natoka kununua dawa ya presha. Vernon alikuwa na begi moja, anangoja basi la uwanja wa ndege. Kaka yake alikuwa amemtafutia kazi ya ghalani huko kwao. Aika alikuwa anabaki mpaka mkataba wake umalizike, kisha wangeangalia. Vernon akanipa shikamoo, nikamwitikia. Nikamuuliza hali ya goti, akasema halijambo. Aika alikuwa amevaa nguo za kazi na hakuweza kuchelewa zamu. Basi lake la kazini likatangulia kufika. Alipanda, akakaa upande wa pili, dirisha la huku likawa tupu. Vernon alilitazama basi mpaka likakata kona, akaangalia saa, akakaa juu ya begi lake.