Kaseti ya Yaya Wilondja

Juzi hapa mjini Baraka nilimkuta fundi akihamisha michezo ya kompyuta za zamani kutoka kwenye kaseti, ili isipotee. Nikakumbuka alasiri moja kule Nundu, nyumba ikinuka ndagala, wale dagaa wa ziwani. Yaya Wilondja, kaka yangu mkubwa, alikuwa ametunga mchezo kwenye kompyuta kuukuu ya shule, akauhifadhi kwenye kaseti. Niliiweka kaseti yake redioni, ikatoa mikwaruzo tu. Sikujua kwamba mikwaruzo ile ndiyo mchezo wenyewe. Nikarekodi kwaya juu yake.

“Yaya, kaseti yako iliharibika. Nimeitengeneza,” nilimwambia kwa furaha.

Alisikiliza wimbo mzima.

“Haina shida, mudogo yangu. Nitaandika tena.”

Siku chache baadaye vita vilifika. Risasi ilimuua Yaya njiani tukikimbia, kabla hajauandika tena. Mchezo ule hakuna aliyewahi kuucheza ila yeye.